Kolaji ya sauti jukwaani: watu walidhani bado najaribu spika

bintiLikoni:

Salaam nyote. Nina jambo limenikaa moyoni tangu Jumamosi iliyopita, na humu najua kuna watu wenye uzoefu wa sauti kunishinda.

Kwa mwaka mzima nimekuwa nikirekodi sauti za Mombasa kwa kinasa kidogo cha Zoom H1n. Kivuko cha Likoni alfajiri: lile bamba la chuma likishuka na kugonga zege, halafu miguu ya watu, mamia kwa mamia, viatu na ndala pamoja, na hakuna anayesema neno. Muuza kahawa wa mtaani kwetu akigonganisha vikombe viwili kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umebeba dele. Mvua ya masika juu ya bati. Mama akikuna nazi kwenye mbuzi. Nina saa 31 za rekodi.

Nikaalikwa kuonyesha kolaji yake, yaani sauti hizo zilizokatwa na kupangwa upya, kwenye ukumbi mdogo Mji wa Kale. Walikuja watu kama 40. Nilikuwa na kompyuta, miksa ya njia nne, spika mbili na projekta. Ukutani niliweka video ya mkono wa mama akikuna nazi: naipunguza mwendo, naigeuza nyuma, chenga za nazi zinapanda na kurudi ndani ya kifuu. Sauti nazo nazikata, nazirudia, nazipandanisha papo hapo. Sikuwa nimerekodi kipande cha kubonyeza tu kikaenda chenyewe. Nilikuwa nafanya kazi kweli, mikono inatetemeka.

Dakika ya sita bado watu wanazungumza. Kaka mmoja akanijia taratibu, kwa adabu kabisa, akaniuliza, "Dada, ukimaliza kujaribu spika mtaanza saa ngapi?" Baadaye nikaona tangazo la ukumbi limeandikwa "DJ" mbele ya jina langu. Kufika dakika ya 20 nusu ya watu wako nje barazani. Na picha na sauti hazikuwa zinapatana: mlio unafika kwanza, ndipo mkono unaonekana ukigonga.

Haya yote ningeyameza. Kilichoniuma ni kimoja. Mama alikaa mstari wa mbele mpaka mwisho. Tulipofika nyumbani, anavua buibui, akaniuliza, "Na ile sauti ya mwisho, ile nzito kama mashine ya kusaga, ilikuwa ya nini?" Ilikuwa yeye. Ilikuwa mbuzi yake. Mama hakujijua.

Nimealikwa tena mwezi ujao, pale pale. Nifanye nini ili watu waelewe kwamba kitu kinatendeka mbele yao? Na hilo la picha na sauti linarekebishwaje?

---

kinasaNairobi:

Pole sana dada, na hongera kwa kumaliza dakika zote hizo. Wengi wangezima mitambo.

Kwanza tangazo. Waambie waandike "kusikiliza" na saa kamili ya kuanza, na neno DJ waliondoe. Mtu aliyekuja na viatu vya kucheza hawezi kukaa kimya dakika 6 akisikiliza chuma, na si kosa lake.

Pili, ondoa viti, tandika mikeka. Spika usiziweke mbele kama za mkutano wa hadhara. Ziweke kwenye pembe za chumba, nne kama unaweza kuazima mbili, na wewe ukae katikati, chini, watu wakuzunguke. Mtu akikaa mkekani anajua mwenyewe kwamba amekuja kutulia. Huku Nairobi tuna bahati ya KMRU, kijana aliyekulia hapa hapa na sauti za mtaani kama zako, na albamu yake ya 2020, Peel, ilitolewa na lebo ya Austria. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie kazi hii ni ya Wazungu.

Kuhusu picha kuchelewa: projekta huichakata picha kabla ya kuitoa, na kazi hiyo inakula muda. Sauti haisubiri. Ingia kwenye mipangilio ya projekta, chagua ile hali ya michezo ya video kama ipo, na zima ule urekebishaji wa picha iliyopinda. Badala yake inyooshe projekta yenyewe kwa mkono. Kisha ichelewesheni sauti kidogo kwenye programu. Jirekodi ukipiga kofi, icheze ukutani, ongeza milisekunde kumi kumi mpaka kofi na mlio vikutane. Ukikosea, kosea upande wa sauti kuchelewa. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, hivyo aliyekaa mita 10 kutoka kwenye spika tayari anaisikia imechelewa karibu milisekunde 30, na wala hajali. Sote tumeshaona fundi ng'ambo ya kiwanja: nyundo inashuka, ndipo mlio unakuja. Sauti kuitangulia picha, hiyo masikio hayajawahi kuiona duniani, na ndiyo inayokera.

---

FundiMitambo74:

Binti yangu, nimesoma maandishi yako mara mbili. Nianze na mama yako, maana hapo ndipo penye shida, si kwenye projekta.

Mimi nilikuwa fundi mitambo wa redio huku pwani kuanzia 1974 mpaka nilipostaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kukata mkanda. Tulikuwa na kibao cha alumini chenye mfereji katikati, mkanda unalala humo, na juu yake mkato wa mshazari wa digrii 45 wa kupitishia wembe. Unashika bobini mbili kwa mikono miwili, unauvuta mkanda polepole mbele ya kichwa cha mashine, sauti inakoroma kama mtu mgonjwa, unarudi, unakwenda, mpaka unapapata pale neno linapoanza. Unatia alama kwa penseli ya nta. Wembe. Gundi. Ule mshazari una maana yake: sauti ya kwanza inatoka huku ya pili inaingia, masikio hayashtuki. Ukikata wima unasikia mgongano.

Mwaka wangu wa pili nikaletewa hotuba ya mzee mmoja, dakika 18, nikaambiwa iwe 15. Nikaona nina akili. Sikugusa neno hata moja. Nikatoa pumzi. Mkanda wa maneno ulikwenda sentimita 19 kwa sekunde, kwa hiyo pumzi ya nusu sekunde ni kipande cha sentimita 9.5, kirefu kidogo kupita kidole changu cha kati. Nilikata vipande zaidi ya 350, nikavitupa ndooni, na hotuba ikatoka dakika 15 kamili. Mkubwa wangu akafurahi.

Siku ya pili akaja mtoto wa yule mzee. Hakuja kwa ugomvi. Akasimama mlangoni mwa studio, akasema, "Maneno ni ya baba. Aliyeyasema siye baba." Akaaga, akaenda zake.

Usiku nilirudi kwenye ndoo. Nikaokota baadhi ya zile pumzi, moja moja, nikazinyoosha, nikaziunga kuwa mkanda mmoja mrefu, nikaunga na ncha zake kuwa kitanzi. Kitanzi kilikuwa kirefu hakitoshi kwenye mashine, nikakizungusha kwenye mpini wa fagio uliosimamishwa kati ya viti viwili. Nikazima taa, nikasikiliza. Mzee mzima alikuwa humo. Hakuna neno, na nilimjua: anavyovuta kwa pua kabla ya jambo zito, anavyomeza mate. Neno kolaji sikulijua wakati ule, lakini sijafanya kazi bora kuliko hiyo mpaka leo.

Sasa turudi kwa mama yako. Mtu anayekuna nazi hakuni mfululizo. Anakuna, kuru kuru kuru, anasita, anaizungusha nazi kidogo kiganjani, anaendelea. Mara nyingine anapiga kifuu kwenye ubao wa mbuzi chenga za nazi zianguke kwenye sinia. Kule kusita na kule kuzungusha ndiko kunakomtambulisha yeye na si jirani. Wewe ukachukua sekunde mbili za katikati, zile zenye kelele nzuri, ukazirudia na kuzipunguza mwendo. Umemtoa pumzi mama yako. Ndiyo maana akasikia mashine ya kusaga. Masikio yake ni mazima kabisa.

Wala sikukatazi kukata. Kukata ndiyo sanaa yenyewe. Waliotutangulia walikata hasa. Mmisri Halim El-Dabh, mwaka 1944 mjini Cairo, alichukua kinasa sauti cha waya, maana mkanda haukuwa umefika, akaenda kurekodi zaar, ambayo ni kama ngoma zetu za kupunga pepo, kisha akaibadilisha ile sauti redioni kwa mwangwi mpaka ikawa kitu kingine. Hiyo ni miaka 4 kabla ya Pierre Schaeffer wa redio ya Ufaransa, ambaye vitabu vingi humtaja peke yake kuwa mwanzilishi. Schaeffer naye alikwenda stesheni ya treni ya Batignolles, Paris, akarekodi kwenye santuri, na kitanzi chake kilikuwa mfereji wa santuri uliofungwa ukajizungukia. Zikarushwa hewani tarehe 5 Oktoba 1948. Kitanzi chako cha kwenye kompyuta ni mjukuu wa mfereji ule.

Lakini sikiliza jambo hili, kwa sababu ndilo swali lako. Walipotoka studio kwenda mbele ya watu, shida yako waliipata wao kwanza. Spika zinalia, jukwaani hakuna anayeonekana kufanya kitu. Mwaka 1951 fundi wao, Jacques Poullin, akatengeneza chombo: mwendeshaji anasimama katikati ya koili kubwa, mkononi ana koili ndogo, na akiusogeza mkono kuelekea upande huu sauti inahamia spika ya upande huu. Mkono ukinyanyuka, sauti inanyanyuka. Watu wanaona. Fundi mwenzangu yule alielewa kwamba mtu mzima hataki kuambiwa "amini, kuna kazi inafanyika". Anataka kuona kiungo cha mwili kikifanya.

Kwa hiyo rai yangu: ipeleke mbuzi jukwaani. Mbuzi yenyewe, na nazi, na sinia. Tafuta ile sahani ndogo ya shaba iliyo ndani ya baza ya saa ya mezani au ya kengele ya mlango, fundi redio yeyote atakuuzia kwa bei ya chai; ikibanwa kwenye ubao hushika mtetemo wake kama maiki. Iunge waya wenye kinga kwa risasi, ukiigusa kwa chuma cha moto muda mfupi tu, maana ile rangi ya fedha juu yake huungua upesi. Ibane kwa mkanda wa umeme chini ya ubao wa mbuzi, karibu na shina la kile chuma chenye meno. Usiichomeke moja kwa moja kwenye njia ya maiki ya miksa; pitisha kwenye kisanduku cha DI, kile kinachokaa kati ya chombo na miksa, chenye ukinzani mkubwa, ama sauti itakuwa nyembamba kama bati. Ukifanya vizuri utasikia kila jino.

Anza kimya. Projekta imezimwa. Ikune nazi kwa mkono wako, bila kipaza sauti, mpaka chumba chote kisikie na kunusa. Halafu pandisha ile sauti ya ndani ya ubao, taratibu. Halafu irekodi hapo hapo wanakuona, iwe kitanzi, kisha *ondoa mkono*. Mbuzi imesimama, kukuna kunaendelea. Hapo hutahitaji kumweleza mtu yeyote. Nakuapia hata yule kaka wa spika atanyamaza.

Kivuko kije baadaye, wakishakuamini. Na usilete saa 31 zote. Sauti nne zinatosha kwa usiku mmoja, na mvua naona itakushinda, mvua kwenye spika ndogo husikika kama samaki wa kukaanga.

Jambo la mwisho kwangu. Ukirekodi mtaani pwani huwezi kukosa adhana ndani ya rekodi. Ikiwa kwa mbali, iache ipite yote au ikate kabla haijaanza. Usiizungushe, usiigeuze nyuma. Na yule muuza kahawa, umemwomba ruhusa?

---

mpwaWaOakland:

Shikamoo Fundi. Nimekaa huku California miaka 11 na maelezo ya pumzi yamenifanya nisimame kidogo.

Dada, niongezee upande wa picha, kwa sababu huku niliwahi kuhudhuria onyesho la Negativland. Ni kundi la tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, la hapa hapa Ghuba ya San Francisco, na kazi yao yote ni kukata sauti za redio, matangazo, mahubiri na simu na kuzipanga upya mbele ya watu. Mmoja wao, Don Joyce, aliendesha kipindi cha usiku kwenye redio ya KPFA ya Berkeley kuanzia 1981 mpaka alipofariki 2015. Mitambo yake ilikuwa makasha ya mkanda usio na mwisho, yale ambayo vituo vya redio vilitumia kupigia matangazo na vibwagizo: unabonyeza, kipande kinatoka mara moja, kinajirudisha mwanzo chenyewe. Fundi bila shaka anayajua. Wasikilizaji walipiga simu na hapakuwa na "haloo, karibu". Simu ikiacha kuita, tayari uko hewani, sauti yako imo ndani ya mchanganyiko.

Usiku ule niliwaona wakiwa na SUE-C, msanii wa picha. Alichonifundisha ni hiki: picha zake hazikuwa faili la video. Alikuwa na meza yenye mwanga, kamera juu yake imeangalia chini, na mikono yake inasogeza karatasi, picha za zamani, vitu vidogo. Ukutani unaona dunia nzima. Ukishusha macho unaona vidole viwili vinavuta karatasi. Nilitumia nusu ya onyesho nikiangalia vidole.

Kwa hiyo, dada, video ya mkono wa mama uliyoirekodi iache kwanza. Funga simu kwenye kistendi, iangalie chini kwenye sinia, iunge kwa waya kwenye projekta. Chenga za nazi zikianguka, ukutani zinaanguka kama theluji, watu wanaona zinatoka wapi. Ukitaka kuivuruga picha, mimina maji kwenye bakuli la kioo ulipitishe chini ya kamera. Tikisa bakuli. Na lile tatizo la milisekunde litapungua uzito, kwa sababu jicho litakuwa linaangalia mkono wako na ukuta kwa zamu.

Waya, dada, si mtandao wa Wi-Fi. Picha ya kurushwa hewani huchelewa zaidi.

---

bintiLikoni:

Shikamoo Fundi, shikamoo na wengine wote walionizidi umri. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa najaribu.

Muuza kahawa nilimwomba tangu mwanzo. Alikubali kwa sharti moja, kwamba nisirekodi akiwa anahesabu pesa, na nimelishika. Adhana ipo kwenye rekodi mbili za alfajiri. Moja niliwahi kuikata katikati bila kufikiri. Nimeifuta leo asubuhi.

Ile sahani ya baza nimeipata kwa fundi wa redio hapa hapa Likoni, shilingi 50. Ya kwanza niliiunguza kama ulivyosema, rangi ikabanduka. Ya pili imekaa. Nimeibana chini ya mbuzi ya mama kwa mkanda wa umeme mweusi, nikavaa hedifoni, nikakuna. Fundi, sikujua kwamba ule ubao una sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeguna akiwa chumba cha pili. Inatoka kila nazi inapobadilishwa upande. Nimekuna nazi tatu nikisikiliza hiyo tu, na jana tumekula wali wa nazi, leo maharage ya nazi, kesho samaki wa kupaka.

Nikamwita mama, nikamvisha hedifoni, nikamchezea rekodi yake ya zamani, ile ile ya Jumamosi, lakini safari hii dakika nzima bila kukata, na kusita kwake kumo. Alikaa kimya. Halafu mkono wake wa kulia ukaanza kuzunguka kidogo juu ya paja, akiigeuza nazi ambayo haipo. Akasema, "Hapa nilikuwa nimechoka."

Jukwaani hataki kuja, amesema wazi, yeye si wa mambo ya kukaa mbele za watu. Lakini nazi atachagua yeye. Sasa tunabishana ndani ya nyumba: yeye anasema nipeleke koroma, ni laini, sitatoa jasho mbele za wageni. Mimi naona nazi kavu inalia zaidi. Fundi wasemaje?

---

FundiMitambo74:

Marahaba mwanangu.

Peleka zote mbili. Anza na koroma wakati maiki imezimwa, ina mlio mpole, watu watainamisha vichwa kukusikiliza. Kavu iweke kwa wakati wa kitanzi. Na uipasue hapo hapo mbele yao, maji yake uyakinge kwenye glasi na umpelekee mama alipokaa, ndipo uanze kuikuna.